Maneno Nyuma ya Picha

Nilizunguka viti vyote kumi na kimoja nikipeana mikono na watu, maana kwetu Uholanzi siku ya kuzaliwa hupongezwa ndugu wote, si mwenye siku peke yake. Hongera kwa mumeo, Bi Tjitske. Hongera kwa baba yako, Wander. Hongera kwa kaka yako, shangazi. Mkono wa Hiske niliuacha wa mwisho makusudi, na nikaushika kidogo zaidi ya adabu inavyoruhusu mbele ya wazazi.

"Hongera kwa baba yako," nikamwambia.

"Asante. Huo mkono nauhitaji, kuna keki ya kukata," akasema. Lakini hakuuvuta.

Alivaa sweta la kijani alilojua nalipenda. Macho yake yalinitua usoni, yakakimbilia dirishani, yakarudi. Kama siku ile ingeishia pale, mji mzima wa Dokkum usingekuwa na mtu mwenye furaha kunishinda.

Baba yake, mzee Oebele, aliketi chini ya saa ndefu ya ukutani, miguu kaitandaza, kidevu juu. Alikuwa anatimiza miaka sitini na mitano. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi saa, na ingawa presha ya macho ilimpokonya nuru miaka miwili iliyopita, hakuifunga karakana yake. Alizitengeneza saa kwa masikio na ncha za vidole. Watu walitoka mpaka mji wa Leeuwarden kumletea saa za babu zao, naye alitega sikio, akakohoa, akasema, "Jino la tatu la gurudumu limeisha." Wakifungua, jino la tatu limeisha kweli.

Mimi ni mbunifu wa tovuti. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kioo cha kompyuta na kusogeza kitufe kwa upana wa unywele, kisha kukirudisha kilipokuwa, kisha kukisogeza tena. Naipenda. Ila jaribu kumweleza hayo mtu aliyeshika shaba na risasi maisha yake yote.

Nilijaribu mwezi wa Machi, siku Hiske aliponipeleka mezani kwao mara ya kwanza. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kitambaa, akasema mbele ya wote, "Mwanamume anayetengeneza kitu kisichoshikika, atamshikaje mwanangu?"

Walicheka. Hata Hiske alicheka kidogo. Mimi nilicheka kwa meno tu, moyo ukiungua. Nina hasira za karibu, sikatai, na nina kiburi cha mtu aliyejifundisha mwenyewe kila anachokijua. Tovuti nilijifundisha mwenyewe. Mashairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole kwenye baiskeli, upepo ukinipiga usoni. Sikumjibu mzee mezani. Nilimjibu kwingine, nikasahau kwamba nilimjibu. Hapo ndipo lilipo kosa langu lote.

Sasa, Jumapili hii ya Novemba, keki ilikatwa, kila mtu kipande chake kimoja, na kahawa ikamiminwa. Wander, kaka mkubwa wa Hiske, mwenye mabega kama mlango wa ghala, akanigeukia.

"Eti shemeji, tovuti ya baba umeifungua Ijumaa?"

"Ijumaa alasiri."

"Na mimi nikifungua simu nitaona nini? Saa zinatembea au zimesimama?"

"Zinatembea vizuri kuliko gari lako," nikamjibu, na shangazi akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye sahani.

Katika kazi yetu kuna mwiko mmoja ambao hata wasioamini Mungu wanauheshimu: kitu hakifunguliwi kwa watu siku ya Ijumaa. Kikiharibika, utaharibikiwa nacho mpaka Jumatatu. Mimi niliuvunja kwa sababu Hiske aliniomba iwe tayari kabla ya sherehe, na kwa sababu nilitaka kusifiwa. Niliikagua kwenye simu tatu. Rangi zilikaa. Picha zilikaa. Kila nilichokiona kilikuwa kizuri.

Kila nilichokiona.

Mzee Oebele akakohoa, na viti vyote vikanyamaza.

"Nina neno," akasema. "Na nina siri. Tjitske, usikasirike."

"Umeanza," mkewe akasema.

"Miezi minne sasa, mnaponiona nimejifungia karakanani Jumatano, kuna mwalimu anakuja. Ananifundisha hii." Akatoa simu mfukoni. "Inaongea. Ukiigusa inakusomea kila kilichoandikwa. Nilikuwa naona haya kuwaambia, maana nilianza vibaya. Wiki ya kwanza nilimpigia mchungaji mara sita bila kujua."

Kicheko kikazunguka. Bi Tjitske hakucheka. Aliweka mkono mdomoni, macho yakamjaa maji, maana mumewe huyo alikuwa hataki hata fimbo nyeupe.

"La pili," mzee akaendelea, na uso wake ukageukia upande wangu, kasoro kidogo, ukakitazama kiti cha shangazi. "Mwezi wa Machi nilimwambia kijana huyu neno baya. Nilidhani nachekesha. Binti yangu hakunisemesha siku tatu. Basi leo nataka tuisikilize kazi yake. Sijaisikiliza, nimeitunza ipoe kama divai. Jorrit, nikiipenda, nitalifuta neno langu mbele ya hawa hawa niliolisemea."

Hiske akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, na Mungu ananijua, sijui kama nitatazamwa vile tena. Ulikuwa mtazamo wa mtu anayefungua dirisha baada ya majira ya baridi.

Mzee akaiweka simu mezani, kati ya sahani na kahawa, akaigusa kwa kidole kinene. Sauti ya mwanamke asiye na pumzi ikaanza kusoma.

"Wiarda na Binti. Mafundi wa saa, Dokkum."

"Na Binti!" mzee akasema. "Hilo wazo la nani?"

"La Jorrit," akasema Hiske.

"Zuri."

"Picha," ikasema simu. "Duka la matofali mekundu lenye mlango wa kijani, baiskeli mbili zimeegemea ukuta."

"Loo!" shangazi akapiga makofi. "Inasema mpaka baiskeli!"

"Ndivyo inavyofanya, shangazi," nikasema, kifua kimenijaa. "Nyuma ya kila picha tunaandika maneno. Mwenye macho hayaoni. Yapo kwa ajili ya asiye..."

Sikumaliza. Papo hapo, kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka, nilikumbuka Machi.

Ile siku ya kicheko nilirudi chumbani kwangu na hasira zangu. Tovuti nilikuwa nimeshaianza kwa nakala ya kazi niliyoiona mimi tu, picha zimo, maneno ya nyuma ya picha bado. Mahali pale ambapo hapana anayetazama, nyuma ya picha ya tatu, nilimtungia mzee ubeti. Nikausoma kwa sauti, nikajipongeza, nikasema nitaufuta kesho. Kesho yake palikuwa na kazi nyingine.

"Picha. Saa ya ukutani yenye sanduku refu kama mkia, imechorwa merikebu na malaika wawili."

"Mzee," nikasema, nikiinuka. "Ingetosha hapo. Sehemu iliyobaki bado..."

Akainua kidole. "Kaa. Usiwe na haya. Kazi nzuri haina haya."

"Mzee, nakuomba."

"Mtazameni, kawa mwekundu kama kamba wa baharini," Wander akasema.

Nikaunyosha mkono kuifikia simu. Hiske akaushika, akidhani ni unyenyekevu, akaubana ndani ya mikono yake miwili. Kwa hiyo niliusikia ubeti wangu nikiwa nimeshikwa mkono na mwanamke ninayempenda.

"Picha," ikasema sauti ile, taratibu, bila kosa.

"Fundi haoni mshale, bado ajiona mwamba,
Saa zapiga kelele, naye azidi kutamba,
Mwana kafungwa milele, mithili saa ya kamba,
Mzee, giza ni lako, si la mwanao na mimi."

Saa zote za nyumba ile zilisikika. Nilikuwa sijui ziko nyingi namna ile.

Aibu ina mahali pake mwilini. Yangu ilianzia masikioni, ikashuka shingoni, ikafika kwenye mkono ulioshikwa, nikahisi mikono ya Hiske ikilegea kidole kimoja baada ya kingine, mpaka mkono wangu ukabaki peke yake juu ya goti lake kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

Mzee akapapasa simu. Nilidhani anaizima. Aliirudisha nyuma.

"Fundi haoni mshale," ikaanza tena, na akaisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha upande, kama anavyozisikiliza saa za watu.

"Baba, nimtoe nje?" Wander aliuliza. Alikuwa amesimama.

"Leo ni siku yangu. Hakuna anayetolewa." Mzee akainuka, akaushika ukingo wa kabati, kisha mpini wa mlango. "Naenda karakanani. Kuleni keki."

"Kila mtu ameshakula kipande chake," Bi Tjitske akasema kwa sauti ndogo. Akakusanya sahani, yangu pia, na kipande changu nusu kikiwa bado juu yake.

Hiske alikwisha toka kwa mlango wa jikoni. Nilimfuata uani bila koti. Alisimama kando ya banda la baiskeli, amejikumbatia, upepo wa mfereji ukimvuruga nywele.

"Hiske."

"Uliandika lini?"

"Machi. Siku ile aliponicheka."

"Kwa hiyo umekuja hapa Aprili, Mei, kiangazi chote. Umekula supu ya mama. Umecheza karata na baba, zile zenye nukta za kupapasa, naye anakuuliza kadi gani umetupa, na wewe unamwambia. Na muda wote huo yale maneno yamelala mle."

"Nilisahau! Naapa kwa roho yangu, nilisahau. Ilikuwa nakala ya kazi, hakuna mtu ambaye angeona..."

"Ambaye angeona," akarudia. "Jorrit, umesikia unachosema?"

Sasa nilikisikia.

"Niambie kazi yako. Ile uliyonieleza siku ya kwanza kwenye treni, ukanifanya nipitilize kituo changu. Ulisema wenzako ni wavivu, wanaacha nyuma ya picha patupu, na kipofu akifika pale anakutana na ukuta. Ulisema wewe huachi patupu hata mara moja. Nilikupenda hapo, unajua? Si kwa macho yako hayo. Nilikupenda pale."

"Najua."

"Kumbe huachi patupu kweli."

Ningeweza kujitetea. Ulimi wangu haujawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, na hata pale, na aibu yangu yote, jibu lilikuja mbio: kwamba yeye pia alicheka siku ile. Nikalitafuna, nikalimeza. Nadhani ndilo jambo pekee la maana nililolifanya siku hiyo.

"Sema chochote," akasema.

"Nimemtukana mtu kwenye njia yake pekee ya kuingilia tovuti ile."

Akajifuta shavu kwa mkono wa sweta. "Na mimi je?"

"Wewe?"

"'Mwana kafungwa milele.' Nani kakuambia nimefungwa? Nilikuwa na kazi mjini Utrecht. Nilirudi kwa hiari yangu, kwa sababu baba aliponipigia simu alisema, 'Hiske, leo nimeshindwa kuona nambari ya sita.' Ya sita tu. Nikapanga mizigo. Hakuniomba. Mimi si saa ya kamba, Jorrit. Na kwenye ubeti wako mzima sina hata jina. 'Mwanao.' Kama mzigo mnaogombania wanaume wawili."

Hilo lilinichoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu nilipotunga nilijiona namtetea.

"Niufute? Nina kompyuta garini."

"Usiniulize mimi. Kamuulize mwenye giza lake."

Akaingia ndani. Nikachukua kompyuta garini, nikaenda karakanani kama mtu anayejipeleka polisi.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikaa mbele ya meza yake, mgongo kwangu, saa ndogo imefunguliwa matumbo mbele yake. Taa haikuwashwa, hakuwa na haja nayo. Nilisimama kizingitini.

"Ni Jorrit," nikasema.

"Nimesikia viatu. Kisigino cha kushoto kimeisha." Hakugeuka. "Usiingie. Simama hapo hapo."

"Mzee Oebele, sina..."

"Mizani imekaa sawa," akasema.

"Nini?"

"Nane kwa nane. Nimeihesabu mara mbili. Vina navyo vimekaa, mpaka mstari wa mwisho, uliouachia makusudi ili upige. Kila Desemba nyumba hii tunatungiana mashairi ya utani, Wander hajawahi kufikisha mizani hata siku moja. Mwaka huu nilitaka tukualike." Akaweka kibisibisi chini. "Mistari mitatu ningeicheka. Ningesema kijana kanilipa, tumetoshana. Ule wa nne siwezi kuucheka."

"Najua."

"Hujui. 'Giza ni lako.' Hakuna aliyewahi kuniambia. Wote wanasema, tuko pamoja, Oebele, tuko pamoja. Halafu wanazima taa wakalale, na mimi nabaki. Wewe ndiye uliyesema kweli, ukaisema kwa ubaya. Sijui nikufanye nini."

Nililia. Naandika hivyo hivyo, mimi niliyejisifu kwamba sijawahi kulia mbele ya mwanamume mwenzangu. Nililia bila sauti, nikakumbuka kwamba yeye ndiye anayesikia jino la tatu la saa, nikaacha kuficha.

"Nisamehe," nikasema. "Naufuta sasa hivi."

"Usifute kwanza. Una hiyo picha?"

Nikafungua kompyuta, nikaishikilia kwa mkono mmoja pale kizingitini. Ikatokea.

"Ulinipiga mwenyewe?"

"Ndiyo. Februari, kabla hata hatujajuana vizuri mimi na wewe. Hiske alinileta karakanani kwa kazi ya tovuti tu."

"Nieleze. Miaka miwili sijajiona. Watu wananiambia, unaonekana vizuri. Hiyo si habari."

Nikaitazama picha. Nilikuwa nimeikata, nimeipunguza, nimeiongezea mwanga, nimeisogeza kushoto na kulia kwa miezi tisa. Nikagundua kwamba sikuwahi kuitazama.

"Umekaa mahali ulipokaa sasa," nikaanza. "Nywele zako zimekuwa nyeupe zote."

"Zote?"

"Kasoro kidogo nyuma ya sikio. Umevaa koti la kazi, kifungo cha pili hakipo. Mikono yako..." Nikakisogeza kioo karibu na macho. "Kidole gumba cha kulia kimelala juu ya gurudumu dogo, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Umefumba macho. Na unatabasamu kidogo."

"Natabasamu? Februari?"

"Kama mtu aliyesikia anachokitafuta."

"Endelea. Nyuma yangu kuna nini?"

"Nyuma yako kuna mlango, huu huu. Hiske amesimama kizingitini, koti mwilini, funguo za baiskeli mkononi. Anakutazama." Nikapangusa macho ili nione vizuri. "Na mlango uko wazi, mzee. Nyuma yake inaonekana barabara."

"Uko wazi?"

"Wazi kabisa."

"Kila siku namwambia," mzee akasema, na sauti yake mwenyewe ikakwaruza. "Kila siku ya Mungu namwambia, Hiske, ingia au toka, baridi inaingia. Hasikii."

Nikaketi chini kwenye jiwe la kizingiti, kompyuta magotini, nikafuta mistari minne. Ilitoweka kwa mguso mmoja, bila alama, na wepesi ule nao ukaniaibisha. Pale pale nikaandika: *Fundi Oebele Wiarda kazini, macho ameyafumba, anaisikiliza saa. Nyuma yake, kwenye mlango ulio wazi, amesimama fundi mwenzake, Hiske, funguo mkononi. Hajaondoka.* Nikayachapisha, Jumapili, bila kukagua kwa macho.

"Sikiliza," nikasema.

Akatoa simu mfukoni, akaigusa, ikasoma. Mzee aliisikiliza mara moja tu, kichwa kakiinamisha upande.

"Hii haina vina," akasema.

"Haina."

"Nitaisikiliza tena kesho, nikiwa peke yangu. Sikuahidi kitu." Akaokota kibisibisi. "Picha zimebaki ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Jumamosi. Moja moja. Utanisimulia zote kabla hujaandika hata neno."

Ndipo nilipohisi mtu nyuma yangu. Sikujua alikuwa amesimama pale tangu lini. Mkononi alikuwa na kikombe kimoja cha kahawa, na nilijua hakikuwa changu. Alimtazama baba yake, akaitazama picha magotini mwangu kwa muda mrefu, yeye mwenyewe na funguo zake. Mimi hakunitazama.

Nikainuka kumpisha. Nilisimama pale, nusu uani nusu karakanani, nisijue niende upande gani, sina koti.

Hiske akanipita, akaiweka kahawa mkononi mwa baba yake. Kisha, bado kanipa mgongo, akasema:

"Ingia au toka, Jorrit. Baridi inaingia."